Sufuria Imejaa, Simu Inasema Kimekwisha

Siku niliyochoka kabisa ndiyo siku niliyopigiwa makofi.

Mama zangu wa Nyakisasa, shikamooni. Wenzangu, poleni na kazi. Nimetoka Nyakahura, upande wa Biharamulo, na mmeniita kwa sababu mnataka kuanza kuujaribu ule mfumo wa kuuzia chakula kwa simu. Sisi tuliujaribu kabla yenu. Nisikilizeni, halafu mtaamua.

Tulikuwa darasani, shule ya msingi, kikundi chetu chote cha mama lishe. Mwenyekiti wetu akasimama mbele ya wageni akasema, "Ripoti imesomwa. Muuzaji bora wa majaribio ni mwenzetu huyu hapa. Njoo mbele, mama, upokee zawadi yako."

Zawadi ilikuwa chupa ya chai na aproni nyekundu. Huyo muuzaji bora alikuwa mimi. Kibanda changu kilikuwa kimefungwa, mafiga yamepoa, na nilikuwa nashinda Nyabusozi nikilima kibarua, mtoto mgongoni. Kila mwanamke mle darasani alijua hivyo. Na kila mmoja alikuwa anapiga makofi.

Nikasimama. "Muuzaji bora gani? Mimi nimefilisika!"

Mama aliyekaa pembeni yangu akanivuta kanga. "Keti wewe! Kuna wageni."

"Hao hao wageni ndio ninaowaambia."

Sasa niwarudishe nyuma kidogo.

Wageni wenyewe ni vijana wawili, wa kiume na wa kike, mafundi wa programu za simu. Walikuja wakasema programu yao haijakamilika, wametuchagua tuitumie kwanza, tuwaonyeshe inapokosea. Asubuhi unaiandikia simu umepika sahani ngapi. Mteja akinunua, unabonyeza "Uza", simu inapunguza yenyewe. Jioni unajua kilichobaki. Kikundi kikakubaliana: wakati wa majaribio hakuna kuuza nje ya simu, hesabu isije ikachafuka.

Kibanda changu kiko bondeni, barabara inapokata kona. Mtandao pale unakuja kama mgeni asiyependa kukaa. Nabonyeza "Uza", kiduara kinazunguka. Basi linapiga honi. Nabonyeza tena. Kinazunguka. Nabonyeza tena. Na tena. Mtandao ukirudi, simu inahesabu kila nilipogusa: sahani moja inakuwa nne. Kabla jua halijafika utosini, simu inaniandikia: *Chakula kimekwisha*. Kitufe kinakufa. Ukikibonyeza hakisikii.

Nafunua sufuria. Ndizi na maharage mpaka ukingoni, mvuke unanipiga usoni.

Nakumbuka konda mmoja wa basi la Ngara. Alishuka na abiria wake, wana njaa, wametoka mbali. "Dada, pakua basi, tunaondoka."

"Subiri kaka, simu imekataa."

"Kwani mimi nakula simu?"

Abiria wakacheka, wakavuka barabara kwenda kwa mwingine. Kesho yake konda akapita dirishani anapiga kelele, "Mama Kimekwisha! Leo kipo?" Jina likashika. Hata watoto wa shule wakawa wananiita hivyo, na mimi nimebeba mtoto anayejifunza kutamka jina la mama yake.

Mtaniuliza, kwa nini hukupakua tu ukauza? Niliuza, siku moja. Mwenyekiti akanijia juu. "Unataka waseme akina mama wa Nyakahura hawatimizi neno lao? Tumeahidi." Basi nikatii. Nikawa nawamwagia nguruwe wa jirani maharage yaliyochacha. Nguruwe wakanenepa, mtoto wangu akakonda. Siku nilipokosa cha kununulia mkungu mwingine wa ndizi, nikafunga mlango kwa kamba, nikachukua jembe.

Ndugu zangu, lililonichoma hasa si simu. Simu ni kitu, haina akili. Lililonichoma ni sisi. Kila vijana wale walipokuja kuuliza, "Mfumo unaendeleaje?" tulijibu kwa pamoja, kama wimbo, "Vizuri sana!" Tukawachinjia kuku. Nikinyoosha mkono, mwenyekiti anasema, "Maswali baadaye." Baadaye gari limeshaondoka, vumbi tu.

Nikamlalamikia mama mkwe wangu. Akanijibu polepole, anachambua mchicha. "Mwanangu, sisi wakati wa vijiji vya ujamaa mgeni akija na jambo lake tulimpigia makofi. Akiondoka, tunarudi shambani. Mgeni haambiwi kwamba kitu chake ni kibovu. Utamwaibisha."

"Na mimi ninayeaibika, mama?"

Akaendelea na mchicha wake. Sikumlaumu. Ndivyo tulivyolelewa wote, nyinyi pia hapa.

Turudi darasani. Yule binti fundi akafungua kompyuta yake, akanitazama. "Mama, huku unaonekana umeuza kuliko wote. Mara nne ya wenzako."

"Iliyouza ni simu. Mimi nilimwaga."

Nikamweleza kila kitu, kiduara, kitufe, nguruwe. Mwenyekiti akawa anakohoa ili ninyamaze. Sikunyamaza. Binti akawageukia wenzangu. "Kuna mwingine aliyepata shida hii?"

Kimya. Mama zangu, kile kimya kilinitisha kuliko njaa. Nilijua wakinikana pale, nimekwisha mimi, si chakula. Nitaonekana mwongo na mgomvi, na kibanda sitakifungua tena.

Kisha bibi mmoja muuza uji, mkubwa kuliko sisi wote, akainuka akishika kiuno. "Simu yangu mimi nimeifukia kwenye pipa la unga. Naitoa mkija tu."

Watu wakacheka, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mwingine akasema yake inamgomea siku za gulio. Mwingine akasema hajawahi kuielewa, binti yake ndiye anayeibonyeza akitoka shule. Yule kijana fundi akashika kichwa. "Jamani, sisi tulikuja kutafuta makosa! Mbona mlisema nzuri?"

Bibi akamtazama. "Baba, ulikuwa umeshika paja la kuku. Tungekuambiaje?"

Kijana hakukasirika. Akaniambia, "Dada, andika. Rasmi. Huko ofisini wanaamini ripoti, na ripoti inasema wewe ni tajiri." Nikaandika. Sekondari nilisomea nini kama si siku hiyo? Nikapeleka barua kwa mtendaji wa kata, ikagongwa mhuri.

Wiki iliyofuata wenzangu walinichangia chakula, nikawasha mafiga, na vijana wale wakaja kushinda kibandani kwangu. Safari hiyo hakuna kuku. Walikaa kwenye benchi, wakaona kwa macho yao kiduara kikizunguka na basi likiondoka. Wakarekebisha. Sasa ukibonyeza mara kumi, inahesabu moja. Na simu ikisema kimekwisha, unaijibu *bado kipo*, unaendelea kupakua. Kibanda sijakifunga tena. Konda ananiita Mama Kipo, na analipa.

Namshukuru bibi wa uji, aliyesimama wakati wengine wamekaa. Nawashukuru wenzangu walioniletea ndizi na maharage nianze upya, kila mmoja alichoweza. Namshukuru mama mkwe, aliyenilelea mtoto. Hata mwenyekiti namshukuru: alikuja mwenyewe, akala, akaomba radhi.

Neno langu kwenu ni moja. Mgeni mpeni kiti, mpeni maji, mpeni chakula. Lakini aliyekuja kuuliza kosa, mpeni kosa. Mkimficha, mtakaolala njaa ni nyinyi.

Mmeniomba niwasomee nilichoandika. Ni hiki.

*Kwa Msimamizi wa Majaribio.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MFUMO WA MAUZO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama lishe wa Nyakahura. Nalalamika rasmi kwamba mfumo wenu umehesabu sahani ambazo sikuuza, ukanizuia kuuza zilizokuwepo, na kibanda changu kimefungwa kwa sababu hiyo.*

*Naomba kitufe kirekebishwe. Naomba muuzaji awe na uwezo wa kuikatalia simu. Naomba jina langu liondolewe kwenye nafasi ya muuzaji bora, kwa kuwa si kweli.*

*Chupa ya chai na aproni narudisha pamoja na barua hii. Mkija tena, njooni asubuhi, kabla sijapika, na mkae mpaka sufuria iishe.*

*Nakala: Mtendaji wa Kata.*