Mikwaruzo ya Nusu Tai

Benchi letu liko nje ya duka la sarafu kuukuu hapa Pottsville, Pennsylvania. Duka linafunguliwa saa nne, kwa hiyo kuanzia saa mbili tunakuwepo sisi, chupa ya kahawa ya mzee Darubini, na donati za jana, ambazo kwa bei yake ni tamu kuliko za leo. Mimi wananiita Msomi, jina nililopewa kwa kejeli baada ya barua yangu ya themanini ya kunyimwa kazi, zile za "tunasikitika kukujulisha". Jumamosi ile mwenzetu wa benchi, Wendell, alikuja na kisanduku kilichofungwa nusu, juu kimeandikwa anwani ya muuzaji wa Ohio. Ndani mlikuwa na sarafu ya dhahabu ya dola tano, ya mwaka 1803, nusu tai kama tunavyoiita, maana tai nzima ni ya dola kumi, aliyoitamani miaka arobaini hadi akauza pikipiki yake kuipata. Alipewa siku saba za kuirudisha akitaka. Hiyo ilikuwa ya saba.

— Nimepigwa, Wendell akasema. Angalieni mikwaruzo hiyo.

Darubini, fundi miwani mstaafu, akaishika kwa ukingo, lenzi jichoni.

— Duh. Mistari mitano, imepangana. Huu ni uma.

— Uma wa nini, mzee? nikauliza.

— Mtu kaificha kwenye pai ya tufaha enzi za vita. Mla pai naye kaja na njaa zake.

Jaji akaguna. Huyu kaendesha lori la makaa miaka thelathini, na mahakamani hajawahi kuingia ila kama mshtakiwa.

— Uma gani una meno matano, we kipofu? Hayo makucha. Dubu huyo.

— Dubu anataka dola tano za nini? Darubini akauliza.

— Nani kasema alitaka dola? Alimtaka mwenye mfuko.

— Na mwenye mfuko yuko wapi?

— Sarafu ipo, yeye hayupo. Jumlisha mwenyewe.

— Basi dubu wako alitumia rula, nikasema. Mistari imenyooka kuliko maisha yangu.

— Mfungwa, basi, Darubini akabadili gia. Alikuwa anahesabu siku zake.

— Acha fiksi, mzee, Jaji akasema. Mfungwa mwenye dhahabu angetoka siku hiyo hiyo.

Wendell hakucheka. Akaanza kuvuta utepe wa gundi kufunga kisanduku.

— Miaka arobaini, halafu naletewa chakavu. Mke wangu Bernice aliniambia nibaki na pikipiki.

Hapo akatokea Luz Figueroa, tarishi mpya wa mtaa, begi begani, habari za dubu wetu zimemfikia tangu kona.

— Wazee, kuna mzigo wa kuchukua?

— Huu hapa, binti. Uchukue kabla sijalia.

— Naweza kuona kinachokuliza?

Darubini akampa lenzi.

— Ishike kwa ukingo, mama. Uso hauguswi.

Aliangalia mpaka kahawa yangu ikapoa.

— Samahani, hizi nyota za pembeni zimeinuka, si ndiyo?

— Zimeinuka, Jaji akajibu, sauti ya mwalimu mkuu.

— Mstari umefika kwenye nyota, halafu unaendelea upande wa pili. Nyota yenyewe nzima, haina hata alama. Dubu aliirukaje?

Jaji akafungua mdomo, akatia donati. Darubini akachukua lenzi yake, akaifuta japo haikuwa chafu. Na mimi, shahada yangu ya historia iliyolala miaka mitatu ikageuka kitandani.

— Mikwaruzo ilitangulia, nikasema. Enzi zile kwenye kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kila kipande kilipimwa kabla ya kugongwa chapa. Kikizidi uzito, mfanyakazi anakipiga tupa kipungue. Nyota zilikuja baadaye na chapa, zikafuta mistari pale zilipoinuka. Wendell, hukupigwa. Hiyo ni kazi ya mkono wa mtu.

Wendell akaipokea sarafu, akaigeuza kwenye jua.

— Kwa hiyo kuna mtu aliketi na tupa yake, akaishika hii hii.

— Hii hii.

Akauchana utepe kwa meno, kisanduku akakikalia.

— Bernice atasikia habari za tupa mpaka Krismasi.

— Basi sina mzigo, Luz akasema. Kisha akanigeukia. Na wewe kaka, unayejua mambo yote haya, mbona unashinda hapa?

Nikamtazama Jaji. Jaji akamtazama Darubini. Darubini akainamisha chupa juu ya kikombe, likadondoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi tukakubaliana sote.