Risala ya Wafanyakazi wa Jumba la Sanaa: Ukuta wa Mama Rangi

Mgeni rasmi, wakubwa wetu mliokaa mbele, na ndugu zetu mliosimama nyuma kwa kukosa viti,

Sisi walinzi, wafagiaji na mafundi fremu wa jumba hili tunakukaribisha. Tumefurahi umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Anayesoma ni fundi fremu, mume wa marehemu mchoraji tuliyemwita Mama Rangi. Shule niliishia njiani, nikikwama univumilie.

HISTORIA

Mgeni rasmi, hapo ulipokaa palikuwa ghala la ngozi. Harufu yake ilikupokea tangu barabarani. Mama Rangi alikwenda ofisi za jiji kuomba ghala hili liwe nyumba ya picha za watu wote. Wakubwa wa wakati ule wakamcheka. "Mama, nani atapoteza muda kuangalia picha?" Akawajibu, "Hao hao mnaowafukuza kwenye ngazi zenu." Mwishowe wakampa, maana hakuna aliyelitaka.

Tulilisugua kwa magadi na maji ya moto: wapagazi wa sokoni, wauza mboga, madobi, kila aliyeweza kushika brashi. Naye akatuchora wote kwenye ukuta huu ulio nyuma yako. Mpagazi mmoja akalalamika, "Mama Rangi, pua yangu umeinenepesha!" "Nimeipunguza, mwanangu. Shukuru Mungu." Tulicheka mpaka tukaangusha ndoo.

MAFANIKIO

Picha alizitundika chini, usawa wa mtu aliyekaa, kwa sababu wapagazi waliingia kupumzika wakakalia mizigo yao. Sakafu ilikuwa inajaa watu. Bibi mmoja dobi alikuwa akileta wajukuu mbele ya ukuta: "Yule aliyeinama ni mimi, kiuno kikiwa bado kinanisikia." Siku zile nyumba hii ilikuwa na kelele, na mke wangu hakutaka mtu anyamazishwe.

CHANGAMOTO

Tangu tumzike, wakubwa wetu wamepandisha picha juu. Kukaa chini marufuku, mizigo iachwe nje. Nani aache mzigo wa watu nje? Wapagazi wameacha kuja, halafu tunaulizwa kwa nini jumba halina watu.

Sasa wameamua ukuta upakwe rangi nyeupe, ukumbi uwe wa kisasa. Tulipouliza, meneja akasema, "Wazee wangu, ule ni ukuta tu, picha ziko kwenye fremu." Mimi mumewe sikuambiwa. Niliona tu ndoo za rangi zinashushwa.

Mgeni rasmi, alichora watu wote, mwenyewe hakujichora. Ila pale kwenye kona, chini, kuna mkono umeshika brashi. Ni mkono wake, kidole cha shahada kimepinda vile vile. Nyumbani sina kingine cha kumwangalia.

OMBI

Wenzangu walitaka tuombe sare na choo cha wafanyakazi. Tumekubaliana vingoje. Tunaomba ukuta.

Mafundi rangi wamekaa mlango wa nyuma, wameambiwa waanze ukishaondoka. Sisi wakubwa hawa wametuzoea, hawatusikii tena. Wewe watakusikia. Tunakuomba useme neno moja, hapa hapa, mbele yetu, kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Mungu akupe afya, akufikishe nyumbani salama, na uwakute walio wako wazima. Lakini kwa leo, mgeni wetu, usiwe na haraka.

Ni sisi,
Walinzi, Wafagiaji na Mafundi Fremu wa Jumba la Sanaa la Jiji