Mahali Alipofia Tavaris

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza naomba mniapie kwamba haya hayatatoka nje ya kanisa hili, maana nami niliapishwa jana jikoni, mpwa wangu Shemasi Lucius alinishika mkono akaniambia, "Mama mdogo, historia ya marehemu imeshachapwa kwenye karatasi, watu watajisomea kimya kimya, wewe kaa zako," nikaapa, na mdomo wangu mnaujua.

Marehemu Tavaris Hightower alizaliwa tarehe 9 Machi 2007 hapa Pruitt's Ferry, Alabama, mama yake akatutoka mapema, akalelewa na mjomba wake, huyo huyo Lucius, akasoma hadi darasa la kumi, akafanya kazi ya kuosha magari kila Jumamosi, mengine akiyarudisha na sabuni yake. Ndoa hakufunga, watoto hakupata, mwenyewe alikuwa mtoto.

Oktoba 2023 alikutwa ndani ya gari la wenzake walioiba dukani, akashtakiwa kama mtu mzima, na kwa kuwa mahabusu ya watoto ilikuwa na nafasi, hakimu akamuuliza mlezi wake, "Shemasi, nimweke wapi?", nami nilikuwa benchi la nyuma namumunya peremende, nikamsikia kwa masikio yangu akijibu, "Mpeleke kwa wanaume, atie akili."

Sheria inakataza mtoto aonekane au asikiwe na wafungwa wakubwa, basi jela ikaitimiza kwa kumfungia peke yake chumba cha mwisho, na tarehe 14 Januari 2024 pumu yake ya tangu utotoni ilipombana, aliita, na hakusikiwa, kama sheria ilivyotaka. Karatasi mlizoshika zinasema alifia nyumbani. Hakufia nyumbani. Na chumba kile kimeshapata mwingine, mjukuu wa Bi Odessa, yule pale anayejifuta macho.

Tunamshukuru daktari aliyemtibu pumu tangu mdogo, majirani walioleta kuku na maharage, vijana wenzake wa kuosha magari waliobeba jeneza, na hakimu kwa shada lake, zuri kweli, halina jina.

Pumzika, mjukuu wangu, upumue taratibu. Nawe mpiga kinanda, ondoa vidole hapo, sijamaliza, na ninyi wengine mkitaka kujua ni nani anayemwashiria aninyamazishe, geukeni benchi la mbele, mkono wa Shemasi ungali juu.