Asiingie Lykon

Sogeeni karibu, Theokles na Nikarete, wanangu wawili nilio nao, na wewe binti acha kulia kwanza, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sitarudia.

Shamba la mizeituni la juu ni lako, Theokles. La bondeni aende nalo Nikarete kwa mumewe. Yule mjakazi mzee msimuuze, amewabeba nyote.

Sasa hili la mlangoni. Najua Lykon, yule mnayemwita kaka, amekaa kizingitini tangu asubuhi.

Miaka arobaini nimewafundisha vijana wa hapa Elea kwamba kilichopo kipo, hakizaliwi wala hakifi, na haya tunayoyaita mabadiliko ni macho tu yanatudanganya. Lykon akaenda Efeso, akarudi na mafundisho ya kule, kwamba kila kitu kinapita kama maji ya mto. Akasimama mbele ya wanafunzi wangu akasema, "Baba, kama hakuna kinachobadilika, basi hizo mvi umezaliwa nazo? Maskini bibi, alinyonyesha mtoto mwenye ndevu!" Vijana wakacheka mbavu hawana. Kesho yake nikamtuma mpiga mbiu sokoni atangaze kwamba Lykon si mwanangu.

Mama yenu alinibembeleza miaka tisa. Siku anakata roho akasema, "Mume wangu, mwite nimwone." Nikamjibu, "Nimwite nani? Wewe una watoto wawili." Akafa anatazama mlango.

Jana, Theokles, uliniletea maneno yake: "Mwambie baba, mimi si yule aliyemcheka, yule amekwisha kupita. Na yeye si yule aliyenifukuza." Mnauona ujanja wake? Nikimfungulia nimekubali kwamba mtu hubadilika. Mji mzima utasema mzee alifundisha uongo maisha yake yote, na mimi nitakuwa nimemnyima mama yenu mwanawe kwa ajili ya uongo huo. Hilo siliwezi. Afadhali yeye alie huko nje.

Kwa hiyo shikeni neno langu. Asiingie. Asinioshe, asinibebe, asinitupie hata konzi ya udongo. Atakayemfungulia, shamba lake liende kwa mwenzake.

Haya, inamisheni vichwa. Miungu iwape watoto watiifu, iwape mafuta ya kutosha, iwape... iwape usingizi. Mimi sikuupata.

Nani huyo amenishika? Mkono mzito huu, si wako Theokles. Nani kafungua? Nikarete... Basi shamba huna. Umesikia? Huna, wala baraka ile si yako, irudishe.

Mtoeni. Theokles, mtoe huyu mtu. Unangoja nini?

Nibandueni vidole vyangu, basi. Kimoja kimoja. Vidole ndivyo vilivyomshika... si mimi.