Miaka Minne Bila Mabano

Marehemu kaka yangu Nunzio Carpinteri alizaliwa Siracusa tarehe 9 Machi 1951, mwana wa Sebastiano, mchonga mawe, na Agatina.

Alisoma hapa mjini, kisha Chuo Kikuu cha Catania, akahitimu mwaka 1975. Kwa miaka arobaini alisoma maandishi ya Wakristo wa kwanza katika makaburi ya chini ya ardhi, mawe yaliyomeguka na kuliwa na unyevu. Alisoma akiwa amepiga magoti, taa akiishika ubavuni mwa jiwe ili kivuli kijaze herufi.

Mwaka 1979 alimwoa Rosaria Burgio. Mungu aliwapa Venera, akamtwaa kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 17 Januari 1989. Alikuwa na miaka minne.

Mwaka huohuo marehemu alisoma jiwe la kaburi lililovunjika penye umri wa aliyezikwa. Ada yao wasomaji ni kutia ndani ya mabano kila wanachokisia. Yeye aliandika "aliishi miaka minne", bila mabano.

"Profesa, umri umeuona wapi?" Turi, mchimbaji wake, alimwuliza. "Mimi naona shimo tu."

"Wewe chimba, Turi."

Wifi yangu Rosaria aliamini kwamba pale amelala mtoto. Kila tarehe 2 Novemba, siku ambayo wafu huwaletea watoto zawadi, alishusha vitamu vya lozi kwenye kaburi lile. Akina mama wengine waliofiwa wakamfuata.

Mwaka 2016 Turi aliokota kwenye kifusi kipande kilichopotea. Kilisema miaka sitini. Marehemu alikaa nacho mezani wiki tatu.

"Nyamaza nacho," nilimwambia. "Nani atadhurika?"

"Huyo mzee, Nella. Nimemnyang'anya miaka hamsini na sita."

Akachapisha sahihisho. Rosaria alimwuliza, "Na Venera, naye utamtia mabano?" Hakusema naye tena hadi Pasaka.

Unyevu wa makaburini ulimla marehemu mapafu. Alilazwa Septemba, akafariki Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2023, saa nane mchana, mkono wake umo mkononi mwa Rosaria.

Ameacha mjane, nami dada yake ninayesoma haya, na Turi, ambaye hakuwahi kukosana naye zaidi ya siku moja.

Leo ni tarehe 2 Novemba. Asubuhi, kabla ya misa, Rosaria ameshuka na vitamu vyake. Turi akamkumbusha kwa upole kwamba aliyelala pale ni mzee.

"Najua," akasema. "Kwani wazee hawali kitamu?"

Lala, kaka. Kwenye jiwe lako tumeandika tunachokijua tu.