Mama Mikanda Anashuka Ngazi

Tarehe thelathini mwezi huu, mwonyeshaji filamu wetu mkuu anastaafu baada ya kulitumikia jumba hili la sinema kwa miaka thelathini na sita. Faili lake la utumishi linasema ishirini na saba. Nilijaribu mara moja kumweleza kwamba faili ndilo linalofuatwa, akaniuliza faili hilo limepanda ngazi za chumba cha projekta mara ngapi. Kwa hiyo jarida letu linaandika thelathini na sita, na mwenye pingamizi aende akazungumze naye mwenyewe. Mimi siendi tena.

Sote tunamwita Mama Mikanda. Alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, akapewa tochi ya kuwaonyesha watazamaji viti vyao gizani. Mwaka wake wa pili, mwonyeshaji wa siku hizo aliumwa mgongo, hakuweza tena kubeba makasha ya filamu, na hakuna mwanamume hata mmoja kazini aliyetaka kushinda ndani ya kile chumba kidogo chenye joto la jikoni. Mama Mikanda akapanda. Wakubwa walisema ni kwa wiki mbili tu, mpaka apatikane mtu. Hakupatikana.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kufika kule juu, kazi yenyewe ni hii. Filamu ya zamani huja kwa mikanda mitano au sita, na chumbani kuna projekta mbili. Mkanda mmoja unapokaribia kwisha, kidoti cheupe hutokea kwenye kona ya juu ya picha, upande wa kulia. Hapo unawasha mashine ya pili. Baada ya sekunde chache kinatokea kidoti kingine. Unavuta kishikio, na picha inahamia kwenye mashine ya pili bila mtazamaji kugundua lolote. Ukichelewa, skrini inabaki nyeupe na watu mia nne wanageuza shingo kutazama kidirisha chako.

Katika miaka ile ya mwanzo ndipo alipokutana na seremala aliyeletwa kutengeneza viti vilivyovunjika. Viti vilikuwa kumi na viwili. Seremala alichukua miezi minne, na kila akimaliza kimoja alipanda juu kuripoti. Walioana mwaka uliofuata.

Mama Mikanda alipotimiza miaka kumi na minane kazini, jumba likafungwa. Watu walikuwa wameanza kutazama filamu majumbani mwao, paa lilikuwa linavuja, na mwenye jengo akalikodisha kwa mfanyabiashara wa magodoro. Viti vikarundikwa pembeni, magodoro yakapangwa mpaka karibu na dari. Mama Mikanda alikwenda kumwona yule mfanyabiashara, akamweleza kwa uso mkavu kwamba unyevu wa chumba cha juu ungeshuka na kuozesha mali yake yote kama hapangekuwa na mtu wa kufungua madirisha kila siku. Akaajiriwa kuwa mtunza ghala. Kwa miaka tisa alipokea magodoro na kutoa magodoro, na kila Jumatatu mchana alipanda kuzipaka projekta mafuta na kuzizungusha kwa mkono zisigande. Hii ndiyo miaka ambayo faili haliitambui.

Mimi, meneja wenu, nilifika wakati wa ukarabati wa kulirudisha jumba kwenye sinema, miaka tisa iliyopita, nikiwa na stashahada, tai mbili na mchoro. Kwenye mchoro wangu, chumba cha projekta kilikuwa mkahawa. Mama Mikanda aliutazama kwa muda mrefu, akanisifu kwa kunyoosha mistari, kisha akaniomba nimshikie kifuniko cha mashine wakati anasafisha lenzi. Nilikishika kwa dakika arobaini. Nilipokiweka chini nilikuwa nimeshakubali mambo matatu ambayo sikumbuki tuliyajadili saa ngapi: chumba kibaki, projekta zote mbili zibaki, na jumba lionyeshe filamu za zamani kila Jumamosi na Jumapili alasiri. Wengi wenu mmewahi kunipongeza kwa uamuzi huo wenye kuona mbali. Pongezi zote nilizipokea, na yeye sikumgawia hata moja.

Siku ya ufunguzi nilisimama jukwaani kutoa hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye historia ya matofali ya mbele watu walipoanza kushangilia. Nikafurahi, nikapandisha sauti. Walizidi kushangilia. Ilinichukua dakika nzima kugundua kwamba uso wa mwigizaji wa kike, mkubwa kama ukuta, ulikuwa unacheka juu ya suti yangu. Baadaye nilipanda kudai maelezo.

“Tangazo liliandika filamu saa tisa,” Mama Mikanda alisema. “Saa tisa ikafika.”

Nikaamua kujifunza kazi yake, nikiamini kwamba kiongozi bora hujua kila idara. Jumapili yangu ya kwanza niliweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Watazamaji walimzika mjomba mwenye mali, wakalia, na robo saa baadaye wakamwona amekaa mezani anakula chakula cha mchana na familia nzima. Nilijificha nyuma ya makasha. Mama Mikanda alichungulia kidirishani, akasema taratibu, “Marehemu ana hamu ya kula,” akaendelea na kazi. Wiki ile mwandishi mmoja wa gazeti alisifu ujasiri wetu wa kuipanga upya hadithi. Makala hiyo ilibandikwa ukutani ofisini kwangu mpaka mwaka jana.

Miaka mitatu hivi iliyopita aliniita.

“Meneja, uwe unapanda tukae wote. Mimi nitashughulika na mashine, wewe uangalie kona ya picha. Ukiona kidoti, sema ‘sasa’. Basi.”

Nilivimba kichwa. Nilimpigia mama yangu simu. Nilichapisha kadi mpya zilizosomeka Meneja na Mwonyeshaji Filamu Msaidizi. Kwa miaka miwili nilikaa kwenye kigoda karibu na kidirisha na kusema ‘sasa’, mpaka nikaanza kuwaeleza wageni kwamba siri ya kazi hii iko kwenye sauti.

Kisha, Jumamosi moja mwaka jana, nikapata mafua yaliyonikausha koo kabisa. Sikuwa na sauti hata ya kuagiza chai. Sikuona tatizo. Nilikaa mahali pangu, na kidoti cha kutangulia mkanda wa mwisho kilipotokea, nikainua mkono. Mama Mikanda alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, uso ameuelekeza kwangu, mkono wake uko kwenye swichi. Hakufanya kitu. Kidoti cha pili kikaja, nikapunga mikono yote miwili kama mtu anayezama. Alikuwa ananitazama usoni, anasubiri.

Skrini ikawa nyeupe. Ule mlio wa ncha ya mkanda ikipigapiga ndio uliomshtua. Akaiwasha mashine ya pili kwa kupapasa, na huko chini watu wakaanza kupiga miluzi.

“Umelala?” aliniuliza.

Nikanong’ona, kwa kadiri koo lilivyoniruhusu, kwamba nilikuwa nimeinua mkono.

Aligeukia mashine, akaupitisha mkanda ule mzima. Filamu ilipokwisha alikaa juu ya kasha, akafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, kidole kimoja kimoja.

“Lilianza jicho la kushoto,” akasema. “La kulia likafuata. Naona mwanga, naona kwamba kuna mtu. Kidoti sikioni, huu ni mwaka wa pili.”

“Mbona hukusema, Mama?”

“Ungenipeleka mlangoni nikachane tiketi.”

Nilitaka kumwambia kwamba nisingefanya hivyo. Lakini alikuwa anazungumza na mtu aliyechora mkahawa mahali alipokuwa amekaa, na sote wawili tulilijua hilo. Nilifikiria kadi zangu. Kwa miaka miwili niliamini kwamba ananifundisha kazi, kumbe nilikuwa jicho la kuazima, na nikawa jicho lenye majivuno kiasi kwamba halikuona hata mwenzake anaumwa.

Mumewe alikuwa ameshahisi. Miezi mingi kabla ya siku ile alikuja na kopo la rangi nyeupe, akapaka kingo za ngazi zote ishirini na mbili za kupanda chumba cha projekta, akidai kwamba ni mambo ya usalama kazini. Kwenye ripoti ya mwaka niliandika kwamba uongozi umeboresha ngazi. Hakumuuliza mkewe lolote, kwa kuwa alimjua. Alingoja aseme mwenyewe. Jioni aliyosema, seremala alimjibu, “Basi kesho asubuhi hospitali,” akafungua kabati. Gauni la kwendea lilikuwa limeshapigwa pasi.

Ulikuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema upasuaji wa kila jicho hauchukui hata muda wa mkanda mmoja wa filamu. Mama Mikanda alipoambiwa hivyo, mumewe anasema, alicheka kwanza, kisha akalia kwa sababu ya ile miaka miwili aliyoibeba peke yake bila sababu.

Wakati yuko likizo ya ugonjwa nilitangaza kwamba nitaendesha projekta mwenyewe. Tangazo hilo liliishi siku moja. Nilikwamisha mkanda mbele ya taa, na kipande chenye urefu wa mkono wangu kikaungua huku watazamaji wakiangalia kitobo cha rangi ya kahawia kinavyokula uso wa bibi harusi. Aliyeniokoa ni mkata tiketi wetu. Kumbe kwa miaka alikuwa anapanda kila saa ya chakula, anakaa na Mama Mikanda, na alijua kuunga filamu, kusafisha lenzi, na kuubadili mkanda bila kuambiwa ‘sasa’ na mtu yeyote. Sikujua. Nilidhani anapumzika.

Mama Mikanda alirudi baada ya wiki nane. Alipanda bila kugusa ukuta. Alisimama kidirishani akalitazama jumba lote, safu hadi safu, kisha akauliza ni nani aliyechagua mapazia yale mapya. Nikamwambia ni kamati. Hatuna kamati. Akanigeukia, akanikagua kutoka juu mpaka chini.

“Pole, Meneja,” akasema. “Nilikuwa nakukumbuka una nywele.”

Jumamosi iliyopita alikabidhi kazi. Sitaficha kwamba nilivaa ile tai bora na kuandaa maneno machache ya kupokea. Alimkabidhi mkata tiketi. Kwangu aliacha maagizo kwamba kigoda nisinyang’anywe, na kwamba niendelee kusema ‘sasa’ nikipenda, maana halimdhuru mtu. Mwonyeshaji wetu mpya ananiruhusu. Mara nyingi huwa ameshavuta kishikio kabla sijafungua mdomo.

Kisha Mama Mikanda akashuka na kwenda kukaa na watazamaji. Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kulifikiria. Wameoana miaka thelathini na mitatu. Muda wote jumba lilipokuwa wazi, seremala alikuja karibu kila wiki kutazama filamu, safu ya saba, kiti cha pembeni, peke yake. Mkewe alizitazama filamu hizohizo kutoka juu, huku jicho moja likiwa kwenye mashine. Hawakuwahi kutazama hata moja wakiwa wamekaa pamoja.

Tulionyesha ile ya mwalimu anayerudi mzee kwenye shule iliyomfukuza. Mama Mikanda ameiendesha zaidi ya mara sitini. Mkanda wa tano ulipoanza, mwalimu alisukuma mlango wa darasa tupu, na kutoka kidirishani nilimwona seremala akitoa leso mfukoni bila hata kuitafuta, kama mtu aliyezoea kuitoa hapohapo kila mara. Mama Mikanda akageuza kichwa. Mwalimu akafuta vumbi kwenye dawati, akaandika tarehe ubaoni, akakaa. Mama Mikanda hakuitazama skrini tena. Alimtazama mumewe mpaka taa zilipowashwa.

Mkata tiketi alishuka mbio kumuuliza picha ilikaaje, kama ilikuwa kali au ilififia pembeni.

“Sijui, mwanangu,” alimjibu. “Leo sikuiangalia.”

Mama Mikanda, sisi sote wa jumba hili, kuanzia mlangoni mpaka chumba cha juu, tunakushukuru kwa mwanga wako wa miaka thelathini na sita, yote thelathini na sita. Mimi binafsi nakushukuru kwa kunivumilia. Pumzika ukiwa na afya, macho yako yakae salama, na kila alasiri utakayoitaka, viti viwili vya safu ya saba ni vyenu. Tunawatakia maisha marefu, mkiwa bega kwa bega.