Mama Duara Anaiacha Rula

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu wa maabara anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi tunamwita Mama Duara, jina ambalo hakupewa na wazazi wake.

Alianza kwa kuosha chupa. Baadaye akasomeshwa na kukabidhiwa benchi la bakteria, na hapo akashikwa na ugonjwa wa kupima. Huotesha vijidudu kwenye sahani, huweka juu yake vipande vya dawa, na kesho yake hupima duara tupu linalobaki pale dawa ilipoua. Rula yake haiazimwi. Daktari bingwa mmoja aliwahi kuichukua apigie mstari. Alifuatwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Mwaka jana vidonda vya wagonjwa watatu wa wodi namba nne viligoma kupona. Kwa dawa zetu za kawaida, sahani zao hazikuonyesha duara hata moja. Mama Duara alipangusa kwa pamba ya kuchukulia sampuli mabomba, vitasa, vitanda, hata simu za madaktari, akatoka kapa. Ndipo akatuuliza wauguzi, mmoja mmoja, nani anafuga mnyama nyumbani.

Mimi nilikuwa na mbwa mwenye kidonda sikioni. Nilimpa vidonge vya kuua bakteria vilivyosalia wodini, leo viwili, kesho hakuna, nikidhani ni huruma; kumbe dozi za kukatizwa huvizoeza vijidudu dawa. Vijidudu vya mbwa, vya mikono yangu na vya wagonjwa vilikataa dawa zilezile.

Wawili walipona kwa dawa ya mwisho kabatini. Wa tatu, fundi cherehani, alikatwa mguu. Mama Duara aliandika ripoti yote, jina langu likiwemo, akanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu hapo kila Jumatatu hunipangusa viganja kabla ya zamu, akinitania kwamba ananipigia ramli.

Tuna hofu, na sioni haja ya kuipamba. Duara la dawa ile ya mwisho, analolichora ukutani kila mwaka, lilianza na milimita ishirini na nne. Sasa ni kumi na sita. Likifungika, kabatini hakuna dawa nyingine.

Asante, Mama Duara, kwa kutusumbua bila kuchoka. Kapumzike na wajukuu; tunakuombea afya na usingizi mtulivu. Rula umeniachia mimi, ambaye ungekuwa na haki ya kutoniamini. Jumatatu nitajipangusa viganja mwenyewe, na nitakachokiona nitakiandika.